Nani Alizipaka Rangi Nyaya Hizi?

Jamani, aliyezipaka rangi nyaya za pikapu za gitaa namtafuta. Sina ugomvi. Nataka anieleze tu.

Gitaa langu lina pikapu ya hambaka. Koili mbili, ubavu kwa ubavu. Aliyeibuni ni Seth Lover wa Gibson, huko Marekani, mwaka 1955. Koili zimepingana, basi ule mvumo wa umeme unafutika. Raha mustarehe. Halafu mpiga solo wetu akanikazia macho mbele ya bendi nzima. "Kaka, sauti yako nzito, utadhani tuko matangani. Gawa koili, zima moja, upate mlio mwembamba." Wote wakacheka. Hata mpiga ngoma, ambaye hajui noti moja.

Haya. Nikanunua potenshometa ya kuvuta, kilo-omu 500. Chini ina swichi ya vijiguu sita. Sita, vya nini? Mchoro ukasema: nyekundu ni waya wa moto, kijani ethi, nyeusi na nyeupe zifungwe pamoja. Ukivuta kitufe, hizo mbili zinaenda ethi, koili moja inalala. Nikawasha solda. Nikaunguza waya, kidole na kitambaa cha meza cha mama watoto. Nikavuta kitufe. Mlio mwembamba. Nikasukuma. Mwembamba uleule. Navuta, nasukuma, watoto wananichungulia dirishani.

Fundi redio wa mtaani alicheka hadi akaweka chai chini. Kumbe mchoro wa kampuni nyingine, pikapu ya kampuni nyingine! Kwenye hii yangu nyeusi ndiyo ya moto, nyeupe inafungwa na nyekundu. Nyeusi na nyeupe ni ncha za koili ileile. Ukizifunga pamoja koili hiyo ni marehemu, kitufe uvute usivute. Sasa mtu angejuaje? Rangi si rangi?

Akanitengenezea, akanitoza. Sasa nikivuta, koili inagawanyika kweli. Sauti imepungua, na mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 umerudi wote. Nimelipa hela yangu kurudishwa kabla ya 1955. Na yule mpiga solo ananiuliza, "Kaka, mbona ampli yako inanguruma?"

Wewe msomaji, rangi usiziamini. Pima kwa multimita. Nyaya mbili zikisoma kilo-omu kadhaa, ni za koili moja. Zisiposoma kitu, kila moja ina koili yake. Na ukishapima, hiyo multimita niazime.