Namna ya Kumaliza Jela ya Wanawake Bila Kutumikia Kifungo Chote

Ndugu yangu, sogea karibu nikuambie. Saluni wanaizungumzia Wentworth, kazini kuna dada anaapa kwamba hakuna kama Vis a vis ya Wahispania, na wewe umekaa kimya kama mtu aliyekosea harusi. Unatamani na wewe utie neno. Tamaa hiyo ni halali. Hakuna anayependa kuachwa nje ya mazungumzo, na tamthilia za magereza ya wanawake zina mazungumzo matamu kuliko sizoni yoyote niliyowahi kuweka kwenye flashi.

Tatizo ni urefu. Prisoner ya Australia ilianza mwaka 1979, ikaisha 1986, na ina sehemu 692. Ukiangalia mbili kila usiku, hata usiku wa msiba, utamaliza baada ya siku 346. Hinter Gittern ya Ujerumani ina sehemu 403. Bad Girls ya Uingereza ina 107, Wentworth 100 kamili, Orange Is the New Black 91. Nani ana bando hilo?

Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa kifungo. Mimi nimezipenda tamthilia hizi miaka mingi, kwa hiyo nina haki ya kukupunguzia chako. Nifuate.

1. Usianzie mwanzo

Wapo watakaokuambia uanze na Prisoner kwa kuwa ndiyo ya zamani. Waheshimu, lakini usiwafuate. Anza na Wentworth, iliyorushwa kuanzia 2013 hadi 2021. Ni Prisoner ileile iliyosukwa upya. Gereza la kubuni ni lilelile, na majina ni yaleyale: Bea Smith, Franky Doyle, Vera Bennett, Joan Ferguson. Ukishawajua hawa, siku mtu mzima akikutajia ile ya zamani utakuwa na pa kushikia. Bando moja, sizoni mbili.

Ongeza jambo moja tu, na ulitaje kwa utulivu: Prisoner ilipangwa iwe na sehemu 16, basi. Watu wakaipenda, zikafika 692. Ukilisema hilo, hakuna atakayekuuliza umeziona ngapi.

2. Mtafute nyapara

Hapa tukae, maana hapa ndipo penye ufunguo.

Kila gereza la kwenye tamthilia lina mfungwa anayeogopwa kuliko askari. Sisi tuna neno letu la zamani, nyapara, na linatosha. Ukifungua sehemu yoyote, ya msimu wowote, usihangaike kujua nani kamfanya nani nini. Uliza mawili: nyapara leo ni nani, na nani anakitaka kiti chake? Ukishapata majibu, mengine yote yanajipanga yenyewe. Utaelewa kwa nini huyu kainamisha macho, yule kahama meza, na wa tatu kapelekewa sigara ambayo hakuiomba.

Na nyapara usimtafute kwenye selo. Mtafute kazini. Katika Prisoner, Bea Smith, anayechezwa na Val Lehman, anatawala kutoka chumba cha kufulia, jirani na pasi kubwa ya mvuke, na kila mwanamke mle ndani anajua kwamba pasi inayobana shuka inaweza kubana mkono pia. Katika Orange Is the New Black nenda jikoni, kwa Red, Mrusi mwenye nywele nyekundu.

Kipande cha Red kiangalie taratibu, bila kugusa rimoti. Piper Chapman, binti wa watu wenye nazo, ndiyo kwanza kaingia jela. Anakaa mezani, anakisema vibaya chakula, hajui kama mpishi anamsikia. Hapigwi. Hatukanwi. Ananyimwa chakula. Anapanga foleni na sinia lake kama wenzake, na hapewi kitu. Njaa inamuuma hadi akili inamrudi. Anasikia Red anaumwa mgongo. Anakata nywele zake za rangi ya dhahabu, zikashonewe kwenye kichwa cha mtu mwingine, anapata mafuta ya kakao. Anatafuna pilipili kwa meno yake mwenyewe, anaichanganya na yale mafuta, anampelekea mama mpishi dawa ya kuchua. Ndipo anapoanza kula tena.

Hiyo ni sehemu ya pili tu. Umeshajua kwamba mle ndani chakula ni silaha, nywele ni fedha, na radhi haiombwi kwa mdomo mtupu. Mwenye kujua hayo anaweza kuruka sehemu kumi na asipotee.

3. Siku ya karandinga usiiruke

Siku ya kwanza gerezani iangalie yote, kwa kila tamthilia. Karandinga inaingia getini, vitu vinaandikwa, nguo za nyumbani zinavuliwa, sare inakabidhiwa. Kwenye Vis a vis sare ni ya njano kama ganda la ndizi mbivu, na ukishaiona hutaisahau.

Katika Wentworth anayeletwa ni Bea Smith wa Danielle Cormack. Ni msusi, mke aliyepigwa na mumewe mpaka siku moja akajaribu kumuua. Anaingia amejikunyata, hajui aweke mikono wapi. Kabla sehemu hiyo haijaisha, ghasia zimezuka na mkuu wa gereza ameuawa. Mtazame vizuri yule mwoga, kwa sababu mwisho wa msimu wa kwanza atakuwa amemuua nyapara kwa kalamu. Msimu mzima umelala kati ya sura hizo mbili. Ukiwa na haraka, angalia sehemu ya kwanza na ya mwisho, na ile anapopata habari za kifo cha binti yake Debbie. Hiyo ndiyo inayomgeuza.

4. Cha kuruka

Ruka wanaume wa nje. Larry, mchumba wa Piper, peleka mbele bila huruma. Ruka mawakili na vikao vya bodi. Mipango ya kutoroka angalia ikianza na ikimalizika, katikati ni kuchimba tu.

Na Piper mwenyewe? Ndiyo, hata yeye. Jenji Kohan, aliyeitunga tamthilia hiyo, alishasema hadharani kwamba Piper ni farasi wake wa Troya, yule wa mbao aliyebeba askari tumboni. Televisheni ingekubali kirahisi hadithi ya msichana mzungu mwenye elimu. Akishapita getini, tumboni mwake wanashuka wengine: wanawake weusi, Walatino, vikongwe, wagonjwa wa akili, wezi wa madukani. Kwa hiyo ukifika msimu wa tatu na kuanza kumruka Piper ili uwahi kwa wafungwa wenzake, kwa Taystee, kwa Poussey, kwa Suzanne, unafanya alichokikusudia mtunzi. Ila kumbukumbu za maisha yao kabla ya jela usiziguse. Mle ndimo unamkuta mtu mzima, na siyo namba ya mfungwa.

Nikwambie kwa nini nazipenda kiasi hiki. Kwenye tamthilia nyingi mwanamke ni mke wa fulani au mama wa fulani, anangoja mlangoni mwenye hadithi arudi. Ndani ya gereza la wanawake hakuna wa kumngoja. Mwanamke ndiye jambazi na ndiye mpatanishi. Ndiye bosi, mbea, mganga, mlevi mzee kama Lizzie Birdsworth wa Prisoner, aliyechezwa na Sheila Florance akiwa na mikunjo yake yote usoni, bila kufichwa. Hapo mwaka 1979 ulikuwa unamwona wapi bibi kizee mwenye hila, mwenye ucheshi, anayepewa nafasi usiku kwa usiku?

5. Cha kusema mbele za watu

Usijifanye umeona vyote. Beba mambo matatu, na uanze na swali, kwa sababu anayeuliza vizuri huonekana anajua.

La kwanza: “Ferguson yupi alikutisha zaidi, wa Maggie Kirkpatrick au wa Pamela Rabe?” Joan Ferguson ni askari mwenye glovu nyeusi za ngozi. Kirkpatrick aliingia naye Prisoner mwaka 1982, Rabe akamrithi katika Wentworth. Uliza, kisha nyamaza. Mwenye mapenzi na tamthilia hizi ataongea nusu saa, na wewe utatoka pale umejua mengi kuliko aliyekesha.

La pili ni la wapenzi wa La casa de papel, na hao mtaani wamejaa. Waambie Nairobi wao, Alba Flores, alishakaa jela kabla ya kuvamia kiwanda cha fedha: ndiye Saray wa Vis a vis. Na yule mpelelezi mjamzito mwenye pipi ya kijiti, Najwa Nimri, ndiye Zulema, mfungwa hatari kuliko wote mle. Álex Pina ana mkono katika zote mbili. Utaona simu zinavyotolewa mifukoni kuhakikisha.

La tatu litunze kwa yule atakayesema hizi ni hadithi za uongo. Piper Kerman ni mtu wa kweli. Alifungwa miezi 13, muda mwingi katika gereza la Danbury, Connecticut, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na Orange Is the New Black ikazaliwa humo. Baada ya hapo alirudi magerezani, Ohio, kufundisha wafungwa kuandika. Hapo usiongeze kitu.

6. Steringi anakufa

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunaijua sheria: steringi hafi. Adui atamwaga risasi kama mvua, steringi atatoka na mkwaruzo wa shavuni. Sheria hiyo iache mlangoni.

Msimu wa nne wa Orange Is the New Black, mwaka 2016, Poussey Washington anakufa kwenye bwalo la chakula. Ni msichana mdogo wa umbo, mtunza maktaba, hana ugomvi na mtu. Askari kijana, mwoga, hakufunzwa kazi, anamkandamiza sakafuni huku amezubaishwa na vurugu za wengine, na Poussey anakosa pumzi. Kisha mwili unaachwa palepale sakafuni, saa zinapita, na wakubwa wanajadiliana watasema nini kwa waandishi wa habari. Kila njia ya mkato niliyokupa, iweke kando kwa ajili ya kipande hiki. Zima simu. Nimekirudia mara nne na sijawahi kuongea nikiwa nakiangalia.

7. Ukikamatwa

Siku itafika mtu akuulize jambo usilolijua. Usidanganye, maana kuna njia nzuri zaidi, na niliiona kwa macho yangu pale ninaposukia.

Dada mmoja alikuwa anaichangamkia Wentworth, anataja majina, anatikisa kichwa panapostahili. Mama mwenye saluni akamuuliza, bila ubaya, “Haya, Bea alikufaje?” Yule dada akatulia kidogo, akasema, “Mama, hapo sijafika. Nihadithie.”

Mikono yote ikasimama. Mama akavuta stuli katikati. Msusi wangu akaniacha na nusu kichwa, akachukua kitana chenye mkia mrefu na kusema yeye ni Ferguson, na hiyo ni bisibisi. Mwingine akawa Bea. Ferguson, ambaye siku hizo naye ni mfungwa, ameachiwa huru, mama akaanza, amebakiza hatua chache atoke. Bea anamfuata. Anampiga, bisibisi inaishia mkononi mwa Ferguson, na Bea anaelewa kwamba hapa kuna namna moja tu ya kumrudisha Ferguson ndani. Aliyekuwa Bea akamshika msusi wangu mkono wenye kitana, akajivutia tumboni, mara ya kwanza, ya pili. Mama akasema polepole kwamba sasa kila atakayekuja atamkuta Ferguson ana bisibisi mkononi na damu ya Bea.

Yule dada alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Fundi wa kucha alishaiona sehemu hiyo mara mbili. Machozi yalimtoka hivyohivyo, na brashi ya rangi ikamkaukia mkononi.