Namna ya Kusifiwa kwa Projekta ya Bei Rahisi

Mwenzangu, umenunua projekta, umeitua mezani kwenye nyumba yenu ya Mji Mkongwe, na Ijumaa ukoo mzima unakuja kutazama. Mafundi wakubwa hurekebisha picha kwa kipima rangi ambacho bei yake huenda ikaishinda projekta yako. Wewe huna, wala hukihitaji. Unataka mambo mawili tu: picha ipendeze, na sifa zije kwako. Yote yanapatikana. Nifuate.

1. Tegemea giza
Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wake ni ile sehemu ya ukuta isiyopigwa na mwanga, basi. Kwa hiyo alika watu baada ya Magharibi. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua likizama, usiku hauchelewi. Hata Tamasha la Filamu la Zanzibar, likionyesha filamu uwanjani ndani ya Ngome Kongwe, husubiri usiku. Sali, kunywa chai, anza saa moja na nusu. Hujagusa kitufe hata kimoja na picha imeshakuwa nzuri mara dufu.

2. Punguza picha, kisha jidai umekusudia
Kila mwenye projekta hutaka kujaza ukuta. Wewe kataa. Mwanga ni uleule: ukiongeza upana mara 2, eneo huwa mara 4, na kila sehemu hubaki na robo ya mng'ao. Namba kubwa ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Mita 2 za upana zinatosha. Mgeni akiuliza mbona haikujaa ukuta, mjibu kwa utulivu: "Ndivyo inavyotakiwa." Hutakuwa umesema uongo.

3. Ficha makosa kwa kaniki
Ukuta wa chokaa ni mweupe, lakini una mabonde. Nenda Darajani ukanunue marekani nzito, ipige pasi, iwambe kwenye fremu ya mbao mpaka ikaze. Pembeni zungusha ukanda wa kaniki wa upana wa kiganja. Kaniki humeza mwanga unaomwagika nje, huficha kingo zilizopinda, na picha huonekana imekatwa kwa kisu. Kuta za ubavuni nazo zitundikie kanga za rangi nzito, maana chokaa hurudisha mwanga juu ya kitambaa na kuichujua picha.

4. Iondoe hali ya dukani
Ile hali ya picha inayoitwa Dainamiki imetengenezwa ili kifaa kishinde vingine chini ya taa kali za duka. Chagua Sinema. Joto la rangi liweke karibu na Kelvini 6500. Utaona picha ina unjano, nawe utataka kurudi ulikotoka. Usirudi! Zima taa ya dari, ile nyeupe yenye ubuluu. Jicho hupima weupe kwa kulinganisha. Likikosa cha kulinganishia, baada ya dakika chache unjano wote utakuwa umetoweka. Picha ni ileile, umelirekebisha jicho.

5. Toa video ya harusi
Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mafundi hununua picha maalumu za majaribio. Wewe unayo nyumbani: bwana harusi, joho jeusi juu ya kanzu nyeupe. Isimamishe hapo.

Anza na mwangaza. Punguza mpaka mikunjo ya joho ipotee yote, kisha panda polepole. Ikianza tu kuonekana, acha. Ingia kwenye kontrasti. Panda mpaka darizi ya shingo ya kanzu imezwe na weupe, kisha rudi nyuma mpaka uione tena. Rudia vyote viwili mara moja zaidi, kwa sababu huvutana.

Rangi usizipime kwa maua wala mapazia, hakuna anayeyakumbuka. Tafuta uso wa bi mkubwa unayemwona kila siku. Akiwa kama chungwa, punguza rangi mpaka arudi kuwa yeye. Na hili nalisisitiza kwa moyo wote: kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zikatoka kama zimepakwa masizi. Nyumbani kwako mizani iwe uso wa mama yako.

Malizia na ukali wa picha. Ushushe mpaka ule mstari mweupe unaoizunguka kofia ya bwana harusi utoweke.

6. Chagua filamu itakayokutetea
Weka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni hadithi ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Mtu anayetafuta kichochoro chao kwenye kitambaa hana nafasi ya kukagua weusi wako.

7. Umeme ukikatika, tangaza mapumziko
Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka bara; mwaka 2008 hitilafu iliacha kisiwa gizani karibu mwezi mzima. Basi kahawa na kashata ziwe tayari. Sauti yako ndiyo itakayoamua kama hii ni aibu au ni sehemu ya karamu. Umeme ukirudi usikimbilie kitufe: projekta ya balbu iache ipoe kwanza.

8. Zilinde sifa zako
Hifadhi marekebisho kwenye kumbukumbu ya projekta, yaandike na kwenye karatasi, kisha ficha rimoti, maana mjomba hatakosa kuongeza mwangaza. Jirani akiomba namba zako, usimpe. Ukuta wake, kitambaa chake na balbu yake ni vingine, zitamharibia. Mwambie: "Nitakuja mwenyewe. Wewe tafuta tu video ya harusi yako." Atajiona amekuzwa ukutani, nawe utatoka kwake ukiitwa fundi.