Ofisi Zimefungwa, Tembo Yuko Kazini

Mapinduzi yalifanyika Unguja, lakini anayefungiwa benki ni mimi, huku Kilosa. Januari ndiyo hiyo, ada za shule zinatakiwa, na tarehe 12 mlangoni kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu: leo hatutoi huduma. Sina ugomvi na Mapinduzi. Ninachouliza ni kwa nini sikukuu ikivuka bahari inaacha gwaride na fataki kule kule, halafu inatufikia sisi ikiwa na kufuli tu. Gwaride lenyewe tunalitazama kwenye televisheni ya kinyozi, na umeme ukikatika ndiyo basi tena mpaka mwakani.

Nina kijisteshenari karibu na ofisi za serikali. Natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nauza bahasha za kaki. Wateja wangu wote ni watu wanaotafuta mhuri. Ofisi zikifungwa hakuna mhuri, na bila mhuri hakuna anayenihitaji. Sijawahi kumwona binadamu aliyeamka Siku ya Karume akasema, leo nina hamu ya kulaminisha kitu. Mashine inapumzika, nami napumzika kwa lazima. Asiyepumzika ni mwenye fremu, maana kodi yake inahesabu tarehe zote za kalenda, nyeusi na nyekundu.

Sasa chukua kalenda hiyo hiyo, usitoke nje ya wilaya, nenda Mikumi. Pale barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma ikishakatiza hifadhini inapita mjini kwao, na dereva wa lori linalotoka Zambia na shaba haulizi leo tunamkumbuka nani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anauza chakula kando ya barabara hiyo. Sikukuu kwake ndiyo msimu. Pasaka, familia za Dar es Salaam zinakuja kumtazama simba, watoto wamevaa miwani ya jua inayofunika uso mzima. Simba wamkose wasimkose, njaa wanayo, na wanaishia kwenye benchi la shemeji. Krismasi, wanaorudi kwao Iringa na Mbeya wanashuka kunyoosha miguu na kununua kuku. (Wachaga wanakatia Chalinze kwenda Moshi. Hao shemeji hawapati, na hadi leo hajawasamehe.)

Kwa hiyo siku ninayopiga miayo mimi, yeye anahesabu noti huku anafuta mafuta mikononi. Nikimpigia simu kumtakia heri ya sikukuu anasema, "Shemeji, nipigie usiku, nina watu." Siku za kazi hasemi hivyo.

Pasaka moja binti anayemsaidia alimwambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi sikukuu alipwe mara mbili. Binti alikuwa na haki, sheria inasema hivyo kweli. Shemeji akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akamuuliza, "Na hilo paja la kuku ulilokula saa nne tulihesabu kuwa ni mara ngapi?" Mazungumzo hayakuendelea.

Kuna wengine Mikumi wasio na habari na sikukuu, nao ni tembo. Mwaka 1964 taifa lilipata Mapinduzi mwezi Januari na Muungano mwezi Aprili, yaani sikukuu mbili kwa mpigo. Mwaka huo huo ikaanzishwa Hifadhi ya Mikumi. Wenzetu wakapata siku za kupumzika, wilaya yetu ikapata tembo. Muungano unasherehekewa Aprili 26 na kesho yake umeisha. Tembo anakuja mahindi yakianza kubeba, sikukuu au siku ya kazi, na mwenye shamba analala kwenye dungu anagonga debe usiku kucha.

Ukimwambia mtu huyo kwamba naye ana siku yake, Nane Nane, atakucheka. Wazee wanakumbuka kwamba zamani Saba Saba, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, ndiyo ilikuwa ya wakulima. Siku hizi Saba Saba ni ya wafanyabiashara, na maonesho yake yako Dar es Salaam. Mkulima akasogezwa hadi Agosti, na sherehe yake ikagawanywa kwa kanda: Mbeya wana uwanja wao, Arusha wao, Lindi wao. Sisi Kanda ya Mashariki tunakwenda Morogoro mjini. Mkulima wa Zombo atafute gari la kumfikisha barabarani, atafute jingine la Morogoro, alipe nauli na kiingilio, akaoneshwe mahindi. Mahindi! Aliyoyaacha nyumbani yanaliwa na panya. Wanaokwenda kwa wingi ni wenye fulana mpya na posho, nao wanarudi na miche ya miembe ya kupanda uani. Mkulima mwenyewe siku hiyo anapepeta mpunga, hana habari.

Hata hizo sikukuu tulizopewa nazo zinapotea. Saba Saba ya 2024 iliangukia Jumapili. Mapinduzi ya 2025, Jumapili. Muungano wa 2025, Jumamosi. Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili sheria yao inawapa Jumatatu. Sisi ikiangukia Jumapili tunaambiwa tuifurahie hapo hapo ilipoangukia.

Na msinikumbushe Desemba 9 ya mwaka 2015. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akataka nchi nzima ishike fagio kwa sababu ya kipindupindu. Nilifagia. Nilizibua mtaro ambao tangu nihamie mtaa ule nilidhani ni njia ya mbuzi. Fedha zilizookolewa, shilingi bilioni 4, zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Ambaye hajui Morocco hiyo iko wapi: iko Dar es Salaam. Jasho langu la Kilosa likawapunguzia foleni watu wa Mwenge.

Idi ndiyo inanimaliza kabisa. Kalenda inaweka nyota na kuandika chini kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Usiku wa tarehe 29 Ramadhani mji mzima, Waislamu na Wakristo, tunakaa kwenye redio kumsubiri Mufti. Jirani yangu wa kulia anafuata Saudi Arabia, jirani wa kushoto anafuata BAKWATA, kwa hiyo upo mwaka ambao ukuta wangu mmoja una pilau na mwingine una futari. Hilo silalamikii, mimi nakula kote. Tatizo ni shemeji, ambaye hununua kuku wa Idi mapema. Mwezi usipoonekana, kuku hao wanaongezewa siku moja ya kuishi, na siku hiyo lazima wale. Gharama ya pumba ananisomea mimi kwenye simu, utadhani ndiye niliyeuficha mwezi.

Hapo ndipo nikaanza kudai kwamba Kilosa tuwe na sikukuu yetu wenyewe. Si jambo geni. Makunduchi wana Mwaka Kogwa, kila Julai wanachapana kwa magomba, wanachoma kibanda na mwaka wao unaanza. Ulaya nako wapo (nasema Ulaya ya wazungu, siyo Ulaya yetu ya njia ya Mikumi). Uskoti wanapumzika tarehe 2 Januari wakati Uingereza wanarudi kazini. Ujerumani kuna mji unaitwa Augsburg ambao kila Agosti 8 unafungwa peke yake kusherehekea amani ya Wakatoliki na Waprotestanti, jambo walilolianza mwaka 1650, huku miji ya jirani iko kazini. Agosti 8! Nane Nane kabisa, na hawaoneshwi mahindi.

Kwetu cha karibu na hicho ni Mwenge wa Uhuru, maana kila wilaya ina tarehe yake ya kuupokea. Wanafunzi wanapangwa barabarani, maduka yanafungwa, kunakuwa na mkesha. Lakini kisheria siku hiyo si ya mapumziko, na ina mchango. Sikukuu ambayo mtu unachangia halafu unahesabiwa kuwa ulikuwa kazini, hapana.

Nikalipeleka suala hili kijiweni. Mzee mmoja mstaafu wa reli akataka iwe siku treni ya kwanza ya Mjerumani ilipofika Kilosa. Tarehe hakuwa nayo. Kijana wa bodaboda akasema treni ni ya SGR, hiyo ya mzee ilisombwa na mto Mkondoa kwenye mafuriko ya 2010. Mzee akasimama, akasema reli yake ilirudi, je, bodaboda ya kijana ikisombwa itarudi? Mwenye kahawa akapendekeza siku ya Mkondoa wenyewe. Tukamkatalia kwa kauli moja, hakuna mtu wa Kilosa wa kuupigia ngoma mto ule.

Nikampigia shemeji, kwa vile Mikumi nao ni wilaya hii na wana haki ya kusikilizwa. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo la ajabu. Bila shaka haikuwa sikukuu.

"Mimi sina neno na siku," akasema. "Iwekeni tu Ijumaa, watu wa Dar waunganishe na wikiendi."

"Na sisi huku Kilosa je?"

"Nyinyi, shemeji, si mtafunga?"