Sifa za Marehemu Asiyezikwa

Mabibi na mabwana mnaoandika programu za C, na nyinyi vijana wa Isiolo mnaokesha kwenye seva kando ya barabara ya Moyale, nipeni nafasi nimsifu zombi. Simsemi yule wa sinema anayetafuna bongo za watu. Namsema mchakato uliomaliza kazi yake ukafa, lakini jina lake bado limo katika jedwali la Linux. Ukiandika `ps aux` utamwona amesimama pale, kabandikwa herufi Z.

Nasaba yake ni ya heshima. Wazo la mchakato kujigawa lilichapishwa na Melvin Conway mwaka 1963, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakalitia katika Unix, iliyoanzia Bell Labs mwaka 1969. Uzazi wenyewe ni muujiza: mzazi anaita `fork` mara moja, jibu linarudi mara mbili. Mzazi anapewa namba ya mtoto. Mtoto anapewa sifuri. Mtoto akitaka shughuli nyingine anaita `exec`, anaitupa programu aliyorithi na kuvaa mpya, namba yake ikibaki ileile.

Sasa fadhila zake. Kwanza, hali. Alipokufa alirudisha kumbukumbu yote, akafunga mafaili yote, na prosesa haigusi tena. Kilichobaki ni mstari mmoja wa jedwali. Nitajieni ofisi moja yenye mtu aliye kwenye orodha na asiyeomba hata ya chai.

Pili, ni shujaa. Mpige `kill -9`, amri inayoangusha wababe wote: hatikisiki. Utamuua vipi aliyekwisha kufa?

Tatu, na hii ndiyo kubwa, ni mwaminifu. Hakubaki kwa ukaidi. Amebaki kwa sababu ana habari. Ameshika namba kati ya 0 na 255: sifuri maana yake kazi imekwisha salama, nyingine yoyote kuna jambo. Kama aliuawa kwa ishara, atakwambia ni ishara gani. Ni kama kijana aliyerudi malishoni jioni: halali mpaka mzee aulize mbuzi wamerudi wangapi. Mzee huyo akiita `waitpid`, zombi anatoa taarifa yake na kutoweka papo hapo, bila kudai marupurupu.

Maadui zake wanasema anajaza jedwali. Ni kweli, sibishi. Kwenye Linux nyingi kikomo cha kawaida kilikuwa namba 32,768; zikiisha, `fork` inarudisha -1 na hata `ls` haianzi. Lakini nauliza: nani aliwazaa? Ni seva iliyozaa mtoto kwa kila mteja, kisha ikaendelea na mambo yake bila kumuuliza hata mmoja. Wala haina udhuru. Mtoto anapokufa, kerneli humtumia mzazi ishara ya SIGCHLD. Mzazi mwenye haraka aite `waitpid` kwa WNOHANG, asikwame kungoja, na arudie mpaka wafu waishe, kwa maana vifo vitatu vya pamoja vinaweza kuleta ishara moja tu. Asiyetaka habari kabisa aseme wazi kwamba SIGCHLD ipuuzwe, kerneli itazika yenyewe. Na mzazi akifa, yatima wake kwa kawaida huchukuliwa na mchakato namba 1, mzikaji asiyechoka. Ndiyo maana dawa ya zombi sugu ni kumuua mzazi wake, hukumu ambayo wazazi wengi wa kompyuta wanaistahili.

Mlinganisheni sasa na miradi inayozinduliwa nje ya kompyuta. Tarehe 2 Machi 2012, kule Lamu, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walizindua LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari na njia za uchukuzi, na Isiolo ikaahidiwa reli, bomba la mafuta na mji wa mapumziko. Tuwe waungwana: lami ya Moyale ilikamilika, na uwanja wa ndege ukapata jengo jipya la abiria. Hao walirudisha sifuri. Je, reli? Je, mji wa mapumziko? Hawaonekani wakikimbia, wala hakuna aliyetangaza kwamba wamekufa, na hakuna ajuaye wameshika namba gani mkononi. Mbele yao zombi ni mtumishi wa umma wa kupigiwa mfano: anakiri kwamba amekufa, na yuko tayari kueleza amekufaje kwa yeyote aliyemzaa.

Basi kila anayeandika `fork` aandike na `wait` yake siku hiyohiyo, kabla chai haijapoa. Zombi mwenyewe ningependekeza kaunti imjengee sanamu pale sokoni, ila nachelea nayo itazinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha asipatikane wa kuuliza iliishia wapi.