Umeme Wake, Jasho Langu

Hebu nikuulize, jirani. Kitu kikiitwa cha umeme, wewe unategemea nini? Pasi ya umeme unachomeka ukutani, unanyoosha shati, basi. Hakuna anayekwambia upulize mkaa. Jiko la umeme nalo halimtumi mtu kuni. Sasa mimi nikiambiwa baiskeli ya umeme, nakosea wapi nikidhani nitakaa, nitabonyeza kitufe, nitapelekwa?

Kumbe ina pedeli. Na ukiacha kukanyaga, na yenyewe inaacha. Inakususia hapohapo mlimani, watu wanakutazama.

Mwenye baiskeli ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Ujerumani. Kaileta kwa meli, ndani ya kontena, imelaliana na friji na magodoro, maana betri kubwa namna ile hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Hapo tu ningeshtuka. Kitu ambacho ndege imekikataa, mimi naambiwa nikikalie.

Mpango wake ni kukodisha baiskeli hizo kwa watalii kwao Lushoto. Milima ya Usambara ipo, baridi ipo, njia za miguu zimejaa kila bonde. Ila kabla hajaagiza nyingine, anataka hii moja ijaribiwe kwenye mawe na mizizi yenyewe. Tukiwa mezani akasema anatafuta mtu mzito, asiye na mazoezi, asiyejua chochote kuhusu baiskeli hizi. Akipona huyo, mtalii yeyote atapona. Meza nzima ikanigeukia. Mke wangu ndiye aliyeninyooshea kidole, na kidole chenyewe kina mafuta ya kuku.

Nikakubali. Dar joto, jirani, na chakula cha ukweni hakikataliwi. Basi mpaka Mombo, halafu ile barabara ya kupanda kupitia Soni, kilomita 30 na ushee za kona tupu. Nikafika masikio yameziba, nikalala.

Asubuhi nikakuta kuna habari ya kupima uzito. Shokapu za baiskeli hizi hazina springi ya chuma, zinajazwa upepo kwa pampu ndogo yenye mshale, na upepo unakwenda kwa kilo za mpandaji. Ukikaa, shokapu inatakiwa ishuke robo hivi. Ikishuka sana utagonga chini. Isiposhuka, kila jiwe utalipokea kwa meno. "Una kilo ngapi, shem?" Nikamwambia 80 na kitu. Akaniangalia. Akaiangalia baiskeli. Akasema twende sokoni.

Soko la Lushoto ni la viazi, karoti na kabichi. Mizani yake ni ile ya jukwaa, ya magunia. Mama mmoja akashusha gunia lake, akaniambia panda, baba. Nikapanda. Akasukuma kile chuma cha kwenye mkono wa mizani. Akasukuma tena. Kikafika mwisho, akaenda kutafuta jiwe lingine la kuongezea. Vijana wapakiaji wakaweka vikombe vya uji chini. "Mia na saba!" akatangaza, kwa sauti ileile ya kuitia wateja. Mpakiaji mmoja akanizunguka, akanikagua mgongoni, akasema, "Hii lumbesa, mama. Lumbesa imepigwa marufuku."

Soko zima. Mpaka wa karoti kule mwisho.

Tukarudi nyumbani, shemeji akajaza upepo mpaka pampu ikapata moto. Huku anajaza ananisomesha. Baiskeli yenyewe kilo 24. Mota imekaa katikati, penye pedeli. Nikauliza nguvu yake. Wati 250, ndiyo sheria ya Ulaya. Wati 250! Pasi ya mke wangu ina 1,000, na haijawahi kupanda mlima. Tena sheria hiyohiyo inasema ukifika kilomita 25 kwa saa mota ikate, uendelee kwa miguu yako. Hilo sikulibishia, halinihusu.

Halafu akasema jambo lililoniuma mpaka leo. Ndani ya mota kuna kidude kinachopima unakanyaga kwa nguvu gani. Ukikanyaga kidogo, kinakuongezea kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, kinakuongezea nyingi. Ukiweka ngazi ya juu kabisa, nguvu yako inazidishwa zaidi ya mara tatu. Yeye anasema huku anatabasamu. Mimi napiga hesabu. Anasema inazidishwa, jirani, hasemi inajumlishwa. Sasa mtu aliyekuja na sifuri? Sifuri mara tatu ni ngapi? Mashine hii imeundwa kwa ajili ya mwenye nacho. Kijana mwenye mapaja anapanda nayo Magamba huku anapiga mluzi. Sisi tunaohitaji msaada kwelikweli inatuuliza kwanza: wewe umeleta nini?

Akaendelea na historia. Eti mchezo huu waliukuza vijana wa California miaka ya 1970, wakiteremka milimani na baiskeli kuukuu mpaka grisi ya breki inatoa moshi. Nikamwambia aende barabara ya Kisarawe akaone watu wanavyoteremka na magunia ya mkaa, breki ni kandambili. Hakuna anayewaita wanamichezo.

Nikavaa helmeti. Ngazi za nguvu ziko nne, nikaweka ya nne. Wewe unalipia soda ukanywa nusu? Nikapanda, mguu mmoja chini, mwingine nikauegesha juu ya pedeli ili nifunge mkanda wa kidevuni. Kuegesha tu. Kile kidude kikahisi mguu, kikadhani tumeanza safari. Baiskeli ikaruka. Tukapita kwenye ndoo, tukapita kwenye kamba ya nguo, tukaingia kwenye kabichi za mama mkwe.

Nainua kichwa, mama mkwe yuko mlangoni na chujio la chai mkononi. Sasa ungefanya nini? "Shikamoo, mama," nikasema, nimelala, jani la kabichi liko shingoni. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Nikasema salama. "Haya, karibu chai." Akaingia ndani. Hakusema kingine. Angenitukana tu, jirani, ningepumua.

Tukatoka kuelekea Irente kwa njia ya miguu ya Yoghoi. Shemeji mbele na baiskeli yake ya kawaida isiyo na umeme wowote, mimi nyuma na teknolojia. Njia ni udongo mwekundu, mizizi, mawe yaliyolala na mengine yaliyosimama. Nikakuta kina mama wamejitwika kuni. Nikawapita. Nikapiga na kengele. Mbele kidogo kuna jiwe, nikaliogopa, nikaacha kukanyaga, mota ikaacha, baiskeli ikasimama, tukaanguka ubavu polepole sana, mpaka nikapata muda wa kuchagua pa kuangukia. Kina mama wakanifikia. "Pole, baba." Wakapita. Nikapanda, nikawapita. Mzizi. Chini. "Pole, baba." Ikawa hivyo mpaka wa mwisho kwenye mstari akaniambia, kwa upole kabisa, tangulia tu polepole, au kaa nyuma yetu uone tunapokanyaga.

Nikakaa nyuma yao.

Na kile kiti! Kuna kitufe kwenye usukani, ukikibonyeza kiti kinazama, eti ukiteremka mwili ukae chini. Sawa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pedeli natafuta kengele niwaombe njia. Nikabonyeza. Kiti kilikuwa chini, na kumbe ukikibonyeza bila kukikalia kinarudi juu, tena kwa kasi. Kilinipata pale pasipotajwa mbele ya kina mama. Sikupiga kelele. Nilitoa mluzi.

Breki nazo. Ile Phoenix yangu ya ujanani breki ya mbele ilikuwa kulia, na mkono wangu haujasahau. Hawa wa Ujerumani breki ya mbele wameiweka kushoto. Nani kawaambia? Kwenye mteremko nikaminya kushoto taratibu nikijua nashika ya nyuma. Breki yenyewe ni ya diski, ya mafuta, inashika kwa kidole kimoja. Gurudumu la mbele likasimama dede. Mimi sikusimama. Nikakutana na mahindi ya mtu.

Mtoto wa shule akaja kuniokota. "Shikamoo, babu." Babu! Nina miaka 46.

Irente nilifika, nisiwe mwongo. Ukisimama pale mwambani unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde chini kabisa, na reli, na magari madogo yakitambaa barabarani. Pazuri. Niliangalia nikiwa nimekaa mbali na ukingo, nimeishika baiskeli gurudumu, kwa sababu sasa nilikuwa siiamini hata ikiwa imezimwa. Shemeji ana haraka, akaniambia nirudi kwa njia ya bondeni, ni rahisi. Akaondoka.

Bonde la Usambara, jirani, ukishaliteremka ni lazima ulipande. Hilo hakulisema. Kwenye mpando mkali miguu ikagoma, nikakumbuka alinionyesha kitufe cha kusukumia. Unashuka, unashika usukani, unabonyeza, baiskeli inajisogeza yenyewe mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo wa mtu gani? Ilinivuta! Nikiachia kitufe inataka kurudi kinyumenyume na kilo zake 24, nikibonyeza inaondoka na mimi nafuata, nimeinama, ndala moja imekatika, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hata waliokuwa wanapalilia walisimamisha majembe.

Halafu kioo kikaandika sifuri, kikazimika. Betri imekwisha. Ya wati-saa 625, shemeji anasema kwa ngazi ya chini anashinda nayo. Mimi nilipiga ngazi ya nne tangu kwenye kabichi.

Nikakaa jiweni. Akapita bodaboda, nikamsimamisha kwa mikono miwili. Akaitazama ile mota, akaigonga kwa ukucha. "Si ya umeme hii? Mbona haiendi?" Nikamwambia imeisha chaji, tunapanda wote mpaka mjini. Akatikisa kichwa. Njia mbaya, mlima mkali, anabeba mzigo mmoja. "Chagua, babu. Wewe au baiskeli?"

Nikampigia shemeji, nimweleze hali, anisaidie kuamua.

"Baiskeli," akasema, sijamaliza hata swali.

Bodaboda akaifunga nyuma kwa mipira, akavua koti lake akalipachika chini ya usukani ili rangi isichubuke. Wakaondoka.

Nauli nililipa mimi.