Bodi Isiyopoteza Muda

Septemba 13, 1917, bodi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ilionyesha kwamba haki haihitaji kucheleweshwa. William Schaper, profesa wa sayansi ya siasa, aliitwa kikaoni ghafla, akahojiwa, na siku hiyohiyo akafukuzwa. Kesi ya kuku aliyekula mtama wa jirani huchukua muda zaidi barazani. Kosa? Hakuunga mkono Vita vya Kwanza vya Dunia kwa moyo mkunjufu. Ajabu kweli: mtaalamu wa siasa kuwa na maoni ya siasa! Pierce Butler, mjumbe wa bodi aliyembana kwa maswali, baadaye aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kipaji hakifichiki. Kurekebisha uamuzi ndiko kulikohitaji tafakuri: ulifutwa mwaka 1938, naye Schaper akalipwa dola 5,000.