Nyumba ya Mbalamwezi

Wenzangu wa Sumbawanga wakiniuliza nyumba yangu ya Kirando imefikia wapi, mimi hutazama juu kabla ya kujibu. Wao hudhani namwachia Mungu. Natafuta mwezi.

Fundi wangu ni mvuvi, au tuseme ni mvuvi anayejenga pale samaki wanapomkatalia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, mitumbwi huvutwa ufukweni, na fundi hukumbuka ghafla kwamba ana ukuta mahali. Siku hizo hujenga vizuri, sina neno. Giza likirudi simu haipatikani, na kibarua wake huniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, fundi yuko majini."

Utasema nimfuate nikamsimamie. Sawa, ila kuna barabara. Lami inakufikisha Namanyere. Baada ya hapo ni wewe na udongo. Kiangazi shida ni mavazi tu: unaondoka Sumbawanga asubuhi ya Julai na koti juu ya sweta, unateremka kama mita 1,000 hadi ziwani, unashuka garini umelowa jasho, na wenyeji wanakuuliza kama unaumwa.

Masika ndiyo kazi. Januari moja nilipakia saruji kwenye kigari changu. Kwenye mteremko nikakanyaga breki. Gari likageuka ubavu na kuendelea na safari hivyo hivyo, hadi tairi za nyuma zikazama shimoni. Kabla sijazima injini, vijana wenye majembe walikuwa wameshafika. Bei kwanza, pole baadaye. Sina ushahidi kwamba lile shimo wanalilima wenyewe; nasema tu majembe yao yanang'aa na shamba silioni. Ili gari liwe jepesi saruji ikashushwa, na mvua nayo ikashuka.

Mfuko mmoja uliganda na umbo lake lote, mikunjo ya karatasi na bonde lililoachwa na bega la kijana aliyeubeba. Fundi aliugonga kwa mwiko, akasikiliza, akatangaza kwamba mpaka sasa hiyo ndiyo sehemu imara kuliko zote za nyumba. Huukalia akila ugali na mgebuka.

Kisha ukaja mwaka 2024. Ziwa likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kirando ilinuna, na haki yao: huko dagaa ndio ada ya shule. Hadharani nilisikitika pamoja nao. Faraghani niliagiza nondo. Barabara kavu, fundi hana pa kwenda. Msingi ambao mbuzi walishauzoea ukapanda hadi kwenye lenta. Ziwa lilipofunguliwa tu, simu ikaacha kupatikana.

Sasa tumekwama kwenye kupaua. Mabati yangu yako Namanyere, stoo ya watu, yanangoja njia ikauke. Juzi fundi alipiga mwenyewe, jambo la nadra.

"Mwalimu, leta bati, mwezi unajaa."

Nikamweleza kwamba huku juu mvua haijakata, na mwenye lori hataki hata kusikia jina la mteremko ule.

Akaguna. "Basi nitumie ya betri za taa. Giza likiingia nitakulipa dagaa."

Nikatuma.